Kings of Convenience wamerudi: kuisikiliza Peace or Love ukiwa Lamu

Tangu albamu yao ya 2009 hadi hii, Peace or Love, ya Juni 2021 ilipita miaka 12, na wawili wanaounda kundi hili, Erlend Øye na Eirik Glambek Bøe wa Bergen, Norwei, bado wanaimba kama watu wasiotaka kumwamsha mtoto. Nyimbo ni 11. Utamu wote uko kwenye magitaa mawili, moja la nyuzi za nailoni, jingine la chuma: moja linashika besi kwa kidole gumba, jingine linadokoa juu yake, na yamefumana hata unadhani mpigaji ni mmoja. Feist, mwimbaji wa Kanada, anaingia kwenye "Love Is a Lonely Thing" na "Catholic Country". Huo wa kwanza kati ya hizo mbili ndio bora kuliko zote, kwa maoni yangu.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa unatoa sauti nzito ya takriban hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na spika ndogo kama ile haiufikishi, kwa hiyo nusu ya wimbo inapotea. Ukiwa na spika kubwa, ondoa nyongeza ya besi, la sivyo itameza minong'ono yao. Kwenye boti ya injini usijisumbue kabisa. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, kuta nene, baada ya isha, hapo unasikia hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi.

Anayetaka kujifunza mapigo haya aanze na nailoni: nyuzi za chuma hushika kutu upesi kwa hewa yetu ya chumvi.