Nimepimiwa nyumba gredi ya nishati: kampuni iliyonipimia naipa nyota 3 kati ya 5

Nyumba naipangisha, so kabla sijatafuta mpangaji mpya nikaita mkaguzi aje aipe gredi ya matumizi ya nishati, zile herufi za A mpaka G, A ndo bora na G ndo mbaya kabisa.

Jamaa kazi anaijua. Alipima vyumba kwa leza, akapiga picha kibandiko cha boila (mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto), akahesabu taa zipi ni LED, akapanda darini na rula kupima unene wa ile sufi ya kuzuia joto lisitoke. Nikamwonesha bili zangu, ndogo kweli, hata hakuzishika. Kumbe hazimhusu, kompyuta inapiga hesabu kama vile ndani wanaishi watu wa kawaida wanaowasha hita kwa masaa ya kawaida, sa wewe uvae masweta mawili au uache hita inawaka usiku kucha gredi ni ileile, inayopimwa ni nyumba sio mwenye nyumba. Na kwa mpangaji naona ni haki kabisa, bili si atalipa yeye.

Kilichoniudhi ni ukuta. Ndani umejazwa sufi na fundi alinipa risiti, ila kwa macho haionekani na hawa jamaa ukuta hawatoboi, so wasipoona karatasi wanakisia kwa umri wa nyumba, yaani kama vile hamna kitu! Wakati nabuku hakuna aliyenitajia habari ya risiti. Ripoti ikatoka D, nikawapelekea ushahidi, wakataka nilipie ukaguzi upya. Hapo nyota moja imeenda.

Ya pili, ripoti inatumwa kwa imeili bila maelezo yoyote, na ukurasa wa mapendekezo, ambao ndo wa maana kuliko ile herufi, uko huko mwishoni. Pale unaona kila kazi na makadirio ya gharama na itakupandisha pointi ngapi, hizo pointi ndo zinaamua herufi. Wengi wanakimbilia sola, sawa inapandisha gredi, ila kama darini hamna sufi joto linaendelea kutoka vilevile.

Halafu msilinganishe namba za nchi tofauti. Uingereza pointi 92 kwenda juu ndo A, wakati Marekani kwenye HERS, kipimo chao cha nishati ya nyumba, namba ya chini ndo nzuri, 0 ni nyumba inayozalisha nishati sawa na inayotumia.

Mi nshabuku kampuni nyingine, na risiti za ukuta, madirisha na boila nimewatumia kabla hawajaja.