Printa ya bei chee: nani anunue Canon PIXMA MG2540S?

Canon PIXMA MG2540S ni mojawapo ya printa mpya za bei ya chini kabisa utakazokutana nazo kwenye maduka ya kompyuta, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue. Inachapa, inaskani na inatoa kopi. Inamfaa mtu wa aina moja tu: anayechapa kurasa tano hadi ishirini kila wiki bila kuruka wiki, na ambaye mara kwa mara anahitaji kuskani kitambulisho, fomu au cheti. Anayechapa sana itamla fedha ya wino. Anayechapa mara moja kwa miezi mitatu itamkaukia mezani. Kati ya hao wawili, nafasi iliyobaki ni nyembamba kuliko wauzaji wanavyokuambia.

Mashine yenyewe haina makuu. Haina Wi-Fi, kwa hiyo simu haitachapa moja kwa moja. Lazima kompyuta na waya wa USB, ule wenye kichwa cha mraba upande wa printa. Aghalabu waya huo haumo kwenye boksi, basi ununue siku hiyo hiyo. Trei ya nyuma inabeba karatasi 60 hivi. Hakuna sehemu ya kulisha karatasi za kuskani, na kuchapa pande mbili ni kazi ya mkono: chapa kurasa witiri, geuza, chapa shufwa. Kasi ni kama kurasa 8 kwa dakika kwa maandishi meusi na 4 kwa rangi. Nyumbani inatosha.

Skana ndiyo sehemu inayostahili sifa. Kwa hati, weka dpi 300 (dpi ni idadi ya nukta kwa kila inchi) na itatoka safi. Vitabu vinene ndivyo vinavyoishinda, maana skana za aina hii haziyaoni vizuri maandishi yasiyogusa kioo, na pale katikati kwenye mkunjo herufi hufifia.

Sasa wino, maana hapo ndipo penye mambo. Printa hii, ile inayouzwa kwetu, inatumia katriji mbili: PG-445 ya wino mweusi na CL-446 ya rangi tatu ndani ya kasha moja. Katriji ya kawaida, nyeusi au ya rangi, imekadiriwa kurasa 180 hivi. Ile kubwa yenye alama XL hufika kurasa 400 kwa nyeusi na 300 kwa rangi. Makadirio hayo hupimwa kwa kurasa maalumu za majaribio zenye maandishi ya wastani. Mtihani wenye michoro au slaidi zenye mandhari ya giza zitakupa pungufu kabisa ya hapo. Tena sehemu ya wino wa kwanza hutumika kuiamsha printa na kupanga vichwa vyake vya kuchapia, kwa hiyo usizihesabie zile katriji za ndani ya boksi kama akiba.

Fanya hesabu kwa bei za dukani kwenu. Hizi hapa ni za mfano tu. Tuseme PG-445 ya kawaida ni shilingi 45,000 za Tanzania. Gawanya kwa 180, ukurasa mmoja umekula shilingi 250 za wino. Tuseme XL ni 70,000. Gawanya kwa 400, unapata 175. Ongeza karatasi: rimu ya karatasi 500 ikiwa 13,000, kila karatasi ni 26. Jumla kwa XL ni shilingi 201 kwa ukurasa. Kama steshenari ya mtaani inakuchapia kwa 200, printa yako haijakuokolea hata senti, na bado hujahesabu bei ya mashine yenyewe. Unachonunua ni kutotoka nyumbani saa nne usiku mtoto anapokumbuka kazi ya shule. Hicho nacho kina thamani, ila kiite kwa jina lake.

Mwanafunzi wa chuo anayetaka kuchapa utafiti wa kurasa 80 kwa nakala tano anahitaji kurasa 400, yaani XL nzima kwa kazi moja. Huyo aende steshenari, au kama anachapa hivyo kila mwezi, atafute printa ya tangi, ile inayojazwa wino wa chupa badala ya kubadilishiwa katriji. Chupa ya wino mweusi namba 103 ya Epson, inayotumika kwenye L3210 na L3250, ni mililita 65 na imekadiriwa kurasa 4,500. Hata chupa hiyo ikifika shilingi 40,000, ukurasa hauzidi shilingi 9 za wino. Mashine ya tangi ni ghali mara kadhaa, lakini tofauti hiyo hurudi haraka kwa anayechapa rimu moja baada ya nyingine.

Usidhani kubadilisha modeli ndani ya rafu hiyo hiyo ya bei ya chini kutakuokoa. HP DeskJet 2130 hutumia katriji namba 123, ambazo zile za kawaida zimekadiriwa kurasa 120 kwa nyeusi na 100 kwa rangi. Rafu nzima imejengwa juu ya mpango mmoja: mashine kwa bei ya kutupa, faida kwenye wino.

Kukauka ndiko kunakoziua nyingi. Kichwa cha kuchapia kimo kwenye katriji yenyewe, chenye matundu membamba kuliko unywele, na kila printa inapozimwa vizuri, katriji hurudi pembeni na kufunikwa na kifuniko cha mpira kinachozuia wino usikauke. Ukizima kwa swichi ya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, katriji hubaki wazi. Basi zima kwa kitufe cha printa, subiri taa itulie, ndipo uguse ukuta. Umeme ukikatika, ukirudi tu iwashe na uizime upya kwa kitufe ili katriji ziende zikafunikwe. Kila wiki chapa ukurasa mmoja wenye nyeusi na rangi zote. Wino utakaotumia hapo ni kidogo kuliko ule unaomwagwa kwenye usafishaji wa kichwa.

Mistari myeupe ikianza kuonekana, anza na ukurasa wa majaribio ya matundu: bonyeza kitufe cha matengenezo, chenye picha ya spana, hadi herufi A itokee kwenye kioo kidogo, kisha kitufe cha kuanza kopi. Kama mistari imekatika, rudia hadi H, ambayo ni usafishaji. Fanya mara mbili, usizidishe. Kila usafishaji unakula wino na kuujaza kwenye sponji ya wino taka iliyo ndani ya mashine. Bado? Toa katriji, lowesha tishu isiyotoa nyuzi kwa maji ya uvuguvugu yaliyochujwa, weka katriji juu yake matundu yakiangalia chini kwa dakika moja au mbili, kausha kwa kugusa bila kusugua, rudisha. Usiguse vile viunganishi vya rangi ya dhahabu. Hapa kwa kweli printa ya bei chee inaishinda ile ya tangi: kichwa kikifa, unanunua katriji mpya na umepata kichwa kipya. Kwenye printa ya tangi kichwa ni sehemu ya mashine, na kuziba kwake ni safari ya kwa fundi.

Kujaza wino kwa sindano kunawezekana, na mafundi wengi wanafanya. Shida huletwa na pupa. Jaza kabla katriji haijakauka kabisa, kwa sababu vichwa hivi hufanya kazi kwa kuchemsha wino ndani ya chumba kidogo, na wino wenyewe ndio unaokipoza. Ukiendelea kuchapa pakiwa pakavu, kichwa huungua na hakuna wa kukifufua. Kwa nyeusi ya kawaida mililita 5 au 6 zinatosha, polepole, ukisimama mara wino unapopanda juu ya tundu. Kwa rangi, mililita 2 kila chumba, sindano tofauti kwa kila rangi. Nyeusi ya printa hii ni wino wa chembe (pigment), rangi ni wino wa kuyeyuka (dye). Ukichanganya aina hizo unaziba matundu. Baada ya kujaza, mashine itaonyesha E13 au E16 ikidai wino umekwisha. Bonyeza kitufe cha kusimamisha kwa sekunde tano au zaidi, itaendelea, ila kuanzia hapo haitakuambia tena kiasi kilichobaki.

E05 ni katriji isiyotambulika. Kabla ya kulaumu mashine, soma namba. Printa za Canon za ukoo huu zilizouzwa Ulaya hutumia 545 na 546, za Marekani 245 na 246, na kuchanganya namba hizo na 445 na 446 ni kutafuta E05 kwa fedha yako. Wanaoletewa printa na ndugu kutoka Uingereza hukwama hapa: mashine nzuri, maduka ya mjini yamejaa 445.

Halafu kuna E08, onyo kwamba sponji ya wino taka inakaribia kujaa. Unaweza kulipita kwa muda. Ikifika P07 printa inasimama. Fundi anaweza kurudisha hesabu ya wino taka kwenye sifuri kwa kompyuta kwa dakika chache, lakini mwulize kama anabadilisha au kuosha na kukausha sponji zenyewe. Asipofanya hivyo, wino utavuja chini na kuchafua meza. Bei ya kazi hiyo inaweza kukaribia bei ya mashine mpya, kwa hiyo ukinunua ya mtumba, omba ichapwe ukurasa wa matundu mbele yako, na angalia kioo kama E08 haijaanza kuwaka kabla hujatoa fedha.