Logo za Debian: nimeziprinti kwa tisheti hapa Kisumu, haya ndo maoni yangu
Kikundi chetu cha Linux hapa Kisumu kilitaka tisheti na stika, nikachukua logo ya Debian, ule mfumo huria wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, na kusema kweli hawa watu walifikiria mambo. Ziko mbili, ile ya mzunguko mwekundu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kutumia, inakuja na jina ama bila jina, halafu kuna ile yenye chupa ambayo ni ya mambo rasmi ya mradi wenyewe. Ni za tangu 1999 na bado zinapendeza. Faili ni SVG, yaani mchoro wa mistari na sio wa vidoti, kwa hivyo hata ukiipanua iwe bango kubwa pale Kondele haitoki na ukungu, fundi aliifungua na Inkscape, programu ya kuchorea, akaanza kazi.

Shida ni tisheti nyeusi. Herufi za jina kwa ile niliyochukua ni nyeusi, kwa hivyo zikamezwa zote, ikabaki mzunguko na ile nukta nyekundu ya i inaelea kifuani peke yake, aki ilikuwa vibaya. Fundi akazigeuza nyeupe kivyake, na hapo ndo kila mtu huanza kujichorea logo yake.

Mimi nasema mradi wowote wa programu huria utoe toleo la rangi moja na lingine la kitambaa cheusi, zikiwa tayari, kwa sababu kuprinti kwa skrini kila rangi unailipia. Matoleo kumi hapana, hayo yanachanganya watu tu.

Naipa nyota nne kwa tano.