Michelin S83 kwenye rimu za Vespa: tairi zuri lisilotaka papara

Mwenye Vespa PX, Bajaj Chetak au LML ya zamani, awe Unguja au Dar, anatafuta saizi moja tu ya tairi: 3.50-10. S83 ya Michelin ipo kwa saizi hiyo, na ubavuni imepigwa 59J. Hiyo 59 ni uzito: tairi moja linabeba hadi kilo 243. J ni mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kwa PX 125 na 150 yatosha na kubaki. Mwenye PX 200 inayovuka mia aangalie tairi lenye herufi M au P.

Sifa yake iko kwenye mbavu. Zimeimarishwa, kwa hiyo ukipakia abiria na kiroba cha mchele tairi halitepeti. Sifa hiyohiyo ndiyo inayowatoa mafundi jasho. Tairi likikaa stoo limelaliwa na mengine, mdomo hufumba, na ubavu mgumu haufunguki kwa hiari. Rimu ya Vespa ni vipande viwili vinavyoungwa kwa nati tano, hivyo liva haihitajiki kabisa. Lakini tairi likiwa limefumba, tyubu haipati nafasi na vipande havikutani. Bolti zake ni za milimita 8 na ni fupi, kwa hiyo hapo nati inashika nyuzi chache tu. Fundi mwenye haraka huvivuta vipande kwa nati hizohizo, na hapo ndipo nyuzi zinapochanika.

Dawa inaanzia dukani. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 1422 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa rafuni miaka mingi limekauka. Bei nafuu isikudanganye. Ukilifikisha nyumbani, panua mdomo kwa vibao vitatu vifupi, uliache usiku kucha, kisha lianike juani kwa muda wa saa moja hivi kabla ya kazi. Mpira wa moto unalainika, tofauti unaisikia kwa kidole.

Kabla ya kushika spana, ng'oa pini ya valvu utoe upepo wote. Wote. Gurudumu la PX lina seti mbili za nati tano, na zote ni spana namba 13: moja inashika gurudumu kwenye drami ya breki, nyingine inaunganisha vipande vya rimu. Mtu akifungua nati za rimu huku ameinamia gurudumu lenye upepo, vipande vinamfyatukia usoni. Ukishavitenganisha, piga alama ya chaki kwenye vyote viwili ili tundu la valvu lirudi mahali pake. Kutu kwenye kingo ipigwe brashi ya chuma, kisha msasa, kisha rangi nyepesi. Rangi nene ya kuoka inapendeza macho, ila inaongeza ubanaji, na ikishabonyea chini ya nati, nati zinalegea.

Sasa tyubu. S83 inaweza kutumika bila tyubu kwenye rimu inayoruhusu, na baadhi ya watu wakisikia hivyo hupaka silikoni kwenye maungio ya rimu wakidhani wamemaliza. Rimu ya vipande viwili inavuja pale pale pa maungio. Nunua tyubu mpya ya 3.00/3.50-10 yenye valvu iliyopinda, na usiingize ile ya zamani iliyokwisha kutanuka: itajikunja humo ndani.

Ipige pampu mara chache tu, iwe duara bila kuvimba. Ipake poda ya mtoto, mimina kidogo na ndani ya tairi, kisha uisukume yote ndani mpaka isionekane mdomoni. Kama ubavuni kuna mshale, ufuate mwelekeo wa mzunguko. Pitisha valvu kwenye kipande chake, geuza, weka kipande cha pili, ukandamize kwa goti. Kabla ya nati hata moja kukaza, chungulia ufa kati ya vipande, uzunguke wote. Ukiona weusi unaong'aa, hiyo ni tyubu. Isukume kwa kijiti butu, usitumie bisibisi. Kaza kwa nyota, yaani ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne, nusu mzunguko kila mara, hadi Nm 20 au 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Ufa ukigoma kufunga upande mmoja, fungua. Nguvu haisaidii hapo.

Tyubu iliyobanwa na rimu unaijua ukiitoa: ina mpasuko mrefu upande wa ndani, umefuata mzunguko wa rimu kama uliochorwa. Msumari hauachi alama ya namna hiyo, na muuza tyubu hahusiki.

Nati zikiwa zimekaza, pakaza maji ya sabuni kwenye kingo, jaza upepo, utoe, ujaze tena. Kila ubavu una mstari mwembamba karibu na rimu. Umbali wake kutoka kwenye chuma uwe sawa pande zote. Ukizama mahali pamoja, gurudumu litayumba, na wengi huishia kulaumu beringi. Usivuke kiwango cha upepo kilichoandikwa ubavuni.

Upepo wa PX ni takriban psi 18 mbele, 26 nyuma ukiwa peke yako, 36 ukiwa na abiria. Mafundi pancha wengi hujaza 30 kote kama bodaboda. Mbele inarukaruka kwenye mashimo na breki inapoteza mshiko. Baada ya kilomita 50 kaza upya, ukitoa upepo kwanza kama unagusa nati za rimu.

Kashata zake zinadumu, ndiyo maana linafaa kwa chombo cha kazi za kila siku. Anayelaza pikipiki kwenye kona atataka mpira laini zaidi. Na spea isisahaulike: ijaze 36, maana ikitakiwa mbele utapunguza, kuliko kutafuta pampu saa tano usiku.