Kisima cha mafuta: uzoefu wa jirani au modeli ya mwamba?
Hapa Dodoma, ukichoronga kisima cha maji ukaifikia granaiti ngumu, shimo husimama lenyewe. Mashapo ya Bonde la Eyasi-Wembere, upande wa Singida, hayana huruma hiyo.

Uzoefu hukadiria uzito wa tope, yaani kimiminika kinachozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga na kushikilia kuta, kwa kuangalia visima jirani. Ni nafuu, ila bonde jipya lina jirani gani? Tope likiwa jepesi, kuta hubomoka: utaona mapande ya mwamba yenye kingo kali juu ya chekecheo linalochuja tope linaporudi juu, kisha bomba linanasa. Likizidi uzito, mwamba hupasuka, tope linapotelea humo.

Modeli ya mwamba huunganisha kihesabu mgandamizo wa tabaka, shinikizo la vimiminika vilivyomo mwambani na uimara wa mwamba, ikakupa uzito salama kwa kila kina na mahali pa kuishia kesingi, bomba la chuma la kukinga kuta. Vipimo vyake ni ghali. Mimi ningelipa.