Siku mbili Lübeck: mji wa matofali, chumvi na kengele zilizoanguka

Kutoka Hamburg hadi Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, ni mwendo wa treni wa takribani dakika 45. Ukaribu huo ndio unaowafanya wageni wengi wauendee mji huu kwa saa chache tu, wapige picha langoni, wanunue marzipani, kitamu cha lozi na sukari, na kurudi walikotoka. Safari yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Ya pili nililala huko usiku mmoja, nikagundua kwamba lango linalowavuta watu ndilo jambo dogo kuliko yote mjini, na kwamba mengi yanayostahili muda wa mgeni hayana kiingilio au yana kiingilio kidogo.

Lango lenyewe, Holstentor, lilijengwa kati ya 1464 na 1478, nalo lipo umbali wa kama dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni. Ardhi ya hapo ni tepetevu, kwa hiyo minara yake miwili imedidimia na kuinama, hata mgeni asiyeambiwa hudhani ni kamera yake iliyoshikwa upande. Mwaka 1863 liliponea chupuchupu kubomolewa, kwa tofauti ya kura moja tu. Ndani mna makumbusho ambayo watoto wanaopenda mifano ya meli watayafurahia. Mwenye muda mfupi hatapoteza kitu akilitazama kwa nje.

Afadhali muda huo autumie hatua chache mbele, kando ya mto Trave, mbele ya maghala sita ya matofali mekundu yaitwayo Salzspeicher. Hapo ndipo utajiri wa mji unapoeleweka. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, ikaletwa kwa majahazi kupitia mfereji wa Stecknitz uliofunguliwa mwaka 1398, kisha ikapakiwa melini kuelekea nchi za Skandinavia, ambako wavuvi waliihitaji ili samaki wao wa heringi wasioze. Kwa biashara za namna hiyo Lübeck ikawa kinara wa Jumuiya ya Hansa, muungano wa miji ya wafanyabiashara ambao mkutano wake mkuu wa mwisho ulifanyika hapa hapa mwaka 1669. Anayetaka kuifuata historia hiyo kwa kina aende Makumbusho ya Hansa ya Ulaya, yaliyofunguliwa mwaka 2015 upande wa kaskazini wa mji wa kale. Tengeni saa tatu kwa ajili yake, kwani maandishi ni mengi. Kiswahili hakimo katika lugha za maelezo.

Ili kuuona mji wote kwa pamoja, panda mnara wa kanisa la Mtakatifu Petro. Una lifti, kwa hiyo hata mzee wa magoti mabovu atafika kwenye baraza iliyo mita 50 kutoka chini na kuona jinsi mji wa kale ulivyo kisiwa kilichozungukwa na maji. Kutoka huko juu utaona pia majengo ya kisasa yasiyo na haiba katikati ya paa za kale. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliupiga mji kwa mabomu na takribani moja ya tano ya mji wa kale ikateketea.

Kumbukumbu ya usiku huo imehifadhiwa vizuri kuliko kwingine kote ndani ya Marienkirche, kanisa la Bikira Maria. Minara iliposhika moto, kengele zilianguka na kupasuka sakafuni. Vipande vyake havikuokotwa wala kuyeyushwa. Viliachwa pale pale vilipoangukia, na watu husimama mbele yake bila kusema neno. Ukiinua macho, dari la matofali lililojengwa kwa matao lipo kimo cha mita 38.5, na hakuna dari jingine la matofali la namna hiyo duniani linalolipita. Mwaka 1705 mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, akiwa kijana wa miaka 20, alitembea kwa miguu kutoka Arnstadt, mji alikofanya kazi, ili amsikilize Buxtehude, mpiga kinanda wa kanisa hili. Alipewa ruhusa ya wiki nne, akakaa miezi kadhaa. Baada ya vita palitokea kisa cha aibu: michoro ya kale iliyosifiwa kuwa imefufuliwa ukutani ilikuwa kazi mpya ya mchoraji Lothar Malskat, ambaye mwenyewe alikiri mwaka 1952. Kwangu mimi, kanisa hili peke yake linatosha kuwa sababu ya safari.

Kuhusu marzipani, duka maarufu la Niederegger, lililoanzishwa mwaka 1806, lipo mkabala na ukumbi wa mji, na ghorofani kuna maonyesho madogo yasiyo na malipo. Marzipani yao ina lozi nyingi na si tamu kupita kiasi. Baadhi ya aina hutiwa pombe, hivyo anayeiepuka asome kibandiko kabla ya kulipa. Matembezi ya mashua niliyafanya mara moja na sitayarudia: maelezo yalikuwa ya Kijerumani tu, na kipaza sauti kilikwaruza mwanzo hadi mwisho.

Jioni nenda Hospitali ya Roho Mtakatifu, ya mwaka 1286, kama bado haijafungwa. Ndani ya ukumbi wake mrefu vimesalia vijumba vya mbao vya mita nne hivi za mraba, ambamo wazee wa mji waliishi hadi mwaka 1970. Kisha potelea katika vichochoro viitwavyo Gänge, nyuma ya nyumba za matajiri, ambako vibarua walijengewa vibanda vyao. Vichochoro hivyo vipo takribani 90 bado. Baadhi ya viingilio ni vifupi hata mtu mrefu hulazimika kuinama, na husemwa kwamba upana wake ulipimwa kwa jeneza, ili maiti aweze kutolewa. Leo vina waridi milangoni na baiskeli ukutani, na watu wanaishi humo, kwa hiyo pita kwa sauti ya chini na usichungulie madirishani. Baadhi ya malango hufungwa usiku. Fika kabla giza halijaingia.