Ajrak yangu ya pili, na jinsi ya kwanza ilivyonidanganya

Ajrak ni kitambaa cha Sindh, jimbo la Pakistan, kinachopigwa chapa kwa vibao vya mti. Ya kwanza niliinunua kwa haraka katika duka moja la Karachi, wekundu wake ulivyonivutia. Nilipofika Hyderabad ya Sindh, baba wa rafiki yangu niliyesoma naye aliishika, akaigeuza nyuma, akanirudishia kimya. Nyuma ilikuwa imepauka. Chapa ya mashine, upande mmoja tu, na mfuo wa pili ikachuja mpaka ikaharibu shuka zangu.

Kesho yake mzee akanipeleka mwenyewe Resham Gali, soko la mji huo. Huko nikapata hii ninayoisifia: pamba tupu, kama mita mbili na nusu, bei mara nne ya ile. Sijutii hata rupia moja.

Kama kanga, ina pindo na mji. Mjini nyota na maua yamepangana ndani ya buluu nzito na nyekundu iliyoiva, na ukigeuza, nyuma ni kama mbele. Pale kibao kimoja cha mti kilipokutana na kingine, mistari imepishana kidogo, upana wa unywele. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote, maana naona mkono wa fundi ulipotua.

Mzee alinieleza jinsi ajrak inavyotengenezwa. Kitambaa hulowekwa kwenye mafuta, magadi na kinyesi cha ngamia, kikafuliwa, kikaanikwa. Kisha hupigwa chapa za chokaa na gundi, ili pale palipopakwa pasishike rangi, ndipo kinazamishwa kwenye nili, rangi ya buluu. Wekundu hutoka kwenye mizizi ya mmea, na shabu ndiyo inayoushikiza. Kufua na kuanika tena na tena, wiki kadhaa.

Kasoro ipo: siku za mwanzo harufu ya nili ilijaa chumbani, na buluu ilitoka kidogo mfuo wa kwanza. Ifue peke yake kwa maji baridi, uianike kivulini.

Kule nimeiona kilemba, mtandio, bembea ya mtoto mchanga, hata imefunika jeneza. Mgeni wa heshima huvishwa. Siku ninaondoka, mzee aliichukua hii hii niliyokwisha kuilipia, akaikunjua, akanitandazia mabegani kwa mikono miwili, mbele ya familia yake yote. Nyumbani siitumii ovyo. Hutoka kabatini Idi na harusini.